Kimya cha Mzee Tiki

Mzee Tiki aliamka asubuhi akasikia kimya.

Hakikuwa kimya cha nje. Nje majogoo walikuwa wakigombana kama kawaida yao, na jirani alikuwa akikokota ndoo kwenye saruji. Kimya kilikuwa ndani yake mwenyewe, kifuani, mahali ambapo kwa miaka na miaka palikuwa na kitu kinagonga. Akatulia tuli. Akaziba masikio kwa vidole, maana ukiyaziba ndipo mlio unapokuwa mkubwa zaidi. Hamna kitu. Akaachama mdomo, kwa sababu mdomo ukiwa wazi mlio hutoka wote, hata mtu aliyesimama mlangoni ausikie. Hamna. Akaweka kiganja kifuani. Moyo upo, unadunda, lakini unadunda kimyakimya kama moyo wa mtu yeyote.

"Loh!" akasema peke yake. "Leo na mimi ni mtu."

Sasa ili uielewe furaha hiyo, lazima ujue alikotoka. Zamani, nywele zake zikiwa bado nyeusi, Mzee Tiki aliugua moyo. Walimweleza hospitali kwamba moyo ni kama nyumba ya vyumba vinne, na humo ndani mna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, damu ipite isirudi. Kilango chake kimoja kilikuwa kimekakamaa tangu homa aliyoipata utotoni. Basi wakampasua kifua, wakakitoa, wakamwekea cha chuma chenye vibawa viwili vidogo. Kila moyo ukidunda, vibawa vinajifunga: tik. Tik. Tik. Mtu aliyekuwa hawezi kuvuka uwanja wake bila kushika ukuta, akapona, akarudi kazini kwenye mashine ya kusaga nafaka. Magunia hakubeba tena. Kazi yake ikawa kupokea wateja na kushona midomo ya magunia kwa ile sindano nene.

Kule mashineni alikuwa mtu kamili. Mashine ikiwashwa inanguruma mpaka mabati yanatetemeka, nani atasikia tik ya mtu? Shida ilikuwa kwingine kote. Watoto wa mtaani walimwita Mzee Tiki, jina likamganda, hata mwenye mashine akasahau lile la kwanza. Akienda msibani, watu wakinyamaza, kifua chake ndicho kinachozungumza. Siku moja mtu mzima alivua saa yake mkononi akaipiga piga, akaitia mfukoni, kisha akaendelea kuisikia. Mzee Tiki akainuka akatoka nje kama anayekwenda haja.

Lakini hayo ni ya watu. La nyumbani ndilo lililomla.

Mkewe, Mama Pacha, mwanzoni alisema, "Huo ni mlio wa uzima, nitauzoea." Akatia pamba masikioni. Akalala na mto juu ya kichwa. Akawasha redio. Pacha wao walipokua wakaoa, wakaenda kuishi mbali, chumba chao kikabaki kitupu, na jioni moja Mama Pacha akabeba mto wake.

"Ngoja nilale huku wiki hii," akasema. "Nina uchovu."

Wiki hiyo ikaota mizizi. Hawakugombana, hapana. Mchana waliishi vizuri, wakila pamoja, wakitaniana, mkewe akimwita Baba Pacha akiwa na furaha na Mzee akiwa amenuna, kama zamani. Ila giza likiingia anamwambia, "Haya, lala salama," kama anayemuaga mgeni, na mlango wa chumba cha pili unafungwa. Mzee Tiki alilala upande wake wa kitanda. Upande wa mkewe hakuugusa. Lile bonde alilolifanya mkewe kwenye godoro miaka yote ile likaanza kujaa lenyewe kidogo kidogo, mpaka ukipapasa hujui kama aliwahi kulala mtu. Kupitia ukutani alimsikia akikohoa, akijigeuza. Yeye mwenyewe akageukia ukuta wa nje, akakunja blanketi akaliweka kifuani, ili mlio usipenye ukamsumbua. Na hajawahi kumuuliza neno. Aliona haya. Moyo wako mwenyewe ukufukuzie mke, utaanza kulisema vipi?

Kwa hiyo asubuhi ile alikwenda kazini anatembea kama aliyeokota kitu. Hakumwambia mtu. Alingoja jioni.

"Mama Pacha, hebu njoo."

"Nina unga mikononi."

"Njoo na unga wako."

Akaja, amenyanyua mikono kama daktari wa upasuaji. "Haya, nini?"

"Sikiliza hapa."

"Nisikilize nini?"

"Wewe sikiliza tu."

Akainama, akaweka sikio kifuani. Akakaa. Akainua kichwa, akamwangalia, akarudisha sikio.

"Sisikii kitu."

"Basi hicho ndicho nilichokuitia."

Mama Pacha akasahau unga, akamshika mabega kwa mikono yote miwili. "Baba Pacha! Umekipeleka wapi?"

"Nimekiuza."

"Mjinga gani kanunua?"

"Kimechoka chenyewe. Miaka yote hiyo kinagonga bila likizo. Wewe huchoki?"

"Nachoka na wewe kila siku na bado nagonga," akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakalazimika kukaa.

Usiku Mama Pacha akaja kulala. Alisimama pembeni ya kitanda na mto wake kwapani. "Sogea huko. Umejitandaza kama mkeka."

Akasogea.

Siku zilizofuata Mzee Tiki hakumwonea wivu mtu yeyote duniani. Mama Pacha alilalamika kwamba miguu ya mumewe ni baridi kama samaki. Alimnyang'anya shuka. Walipiga soga gizani kuhusu pacha, nani kati yao aliyekuwa mwizi wa sukari, na kila mmoja akamtetea wake. Godoro likaanza kuingia tena pale pale.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo Mzee Tiki alilibeba peke yake.

Njia ya kwenda mashineni ina mwinuko mdogo. Alianza kusimama katikati, anajifanya anawasalimu watu ambao hata hawajui. Kisha akaanza kusimama mara mbili. Viatu vikambana. Akilala chali pumzi inakata kama anayezama, hivyo akajiwekea mito miwili. "Ya nini yote hiyo?" mkewe akauliza. "Nikuone vizuri," akamjibu, naye Mama Pacha akampiga kofi la begani akaona raha.

Mzee Tiki alijua. Nisikufiche, alijua. Miaka ile alipotolewa hospitali, nesi wa kliniki ya moyo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kupasua ukuta, alimkalisha akamwambia, "Mzee, huo mlio ndio mlinzi wako. Siku ukififia au ukipotea, usingoje hata chai. Njoo." Mama Pacha wakati ule alikuwa kwenye foleni ya dawa, hakusikia.

Na jingine alilijua pia. Mtu mwenye kilango cha chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote. Dawa hiyo inafanya hata mchubuko mdogo utoe damu bila kukoma. Sasa yeye na sindano ya magunia hawakuwa wakipatana, na siku moja alijichoma kidole, damu ikachirizika kwenye gunia la mama mmoja mpishi wa shule. Mama akaweka mikono kiunoni mbele ya wateja wote: "Mzee Tiki, nimeleta mahindi kusaga, sikuleta ng'ombe kuchinja!" Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo, akiwa na magunia mengi ya kushona, dawa aliiacha. Leo aiache, kesho anywe, keshokutwa asahau.

Kwa hiyo alijua kama mtu anavyojua mvua inakuja na nguo ameanika, akakaa ndani akisema labda itapitia pembeni. Akisema, watamrudishia mlio. Mlio ukirudi, mto utarudi chumba cha pili. Basi. Akanyamaza, akapumua juu juu, akawa anasubiri jioni ifike.

Aliyeharibu mambo ni Mama Pacha mwenyewe, na aliyaharibu kwa shukrani.

Asubuhi moja Mzee Tiki alikuwa ameketi kitandani na kiatu kimoja mkononi, anajikusanya ili ainame. Mama Pacha alikuwa sebuleni na simu. Ana tabia ya kuweka sauti ya nje na kupiga kelele juu yake, kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Nesi! Mimi Mama Pacha! Mke wa Mzee Tiki!"

"Mama Pacha, hujambo? Mbona mzee haji kupima damu?"

"Ndiyo nimepiga kukushukuru! Mzee wangu amepona kabisa! Halii tena!"

"Nani halii?"

"Kifua! Kimenyamaza! Zile tiki tiki zimekwisha, mwanangu, Mungu awabariki nyote na daktari wenu!"

Chumbani Mzee Tiki akashusha kiatu.

"Mama," nesi akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kupasua ukuta, ilikuwa ndogo. "Kimenyamaza lini?"

"Ah, siku nyingi tu. Tumelala raha mustarehe."

"Anapumua vizuri?"

Mama Pacha akageuka. Kupitia mlangoni alimwona mumewe ameketi na soksi moja, mabega yanapanda na kushuka kama mtu aliyekimbia, na hakuwa amekwenda popote.

"Mleteni," nesi akasema. "Sasa hivi, mama. Asitembee. Tafuteni gari."

Ndani ya gari la kukodi Mama Pacha alimshika mkono kwa nguvu, siyo kwa mapenzi, bali kama unavyomshika mtoto karibu na barabara.

Daktari wa moyo alikuwa binti mwenye miwani, umri wa pacha wao. Alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akapitisha kile kipimo cha mawimbi ya sauti, na kwenye kioo ukatokea moyo wa Mzee Tiki, mweusi na mweupe, unahangaika. Daktari akanyoosha kidole.

"Mnaona kibawa hiki? Kinafunguka, kinajifunga. Sasa tazameni mwenzake."

Mwenzake alikuwa amelala.

"Damu imegandia pale. Donge limekishika kibawa, ndiyo maana hakigongi. Hicho kilichobaki kinafanya kazi ya wawili, na kinachoka." Akavua miwani. "Mzee, kimya hicho kingekuua."

Akawaeleza taratibu. Zamani, mgonjwa wa namna hii alipasuliwa kifua mara ya pili, na upasuaji wa pili huwa mzito kuliko wa kwanza, wengi hawakuamka. Ilikuwepo dawa ya kuyeyusha donge, lakini walikuwa wakiimwaga yote kwa haraka, ikayeyusha pasipotakiwa, damu ikavuja kichwani. Watafiti wakahangaika nayo. Wakaona ukiipa kidogo kidogo, tone kwa tone, muda mrefu, huku unatazama kwenye kioo, donge linayeyuka na hatari inapungua. "Inapungua," akarudia. "Sikusema imekwisha. Tunaanza leo."

Mzee Tiki akajivuta juu ya mito.

"Daktari, nasikia vilango vya siku hizi havilii. Nimeambiwa mashineni. Vya nyama ya mnyama, vinapitishwa pajani, hata kifua hakiguswi."

"Ni kweli, vipo. Vimewasaidia wazee wengi."

"Nibadilishie basi. Unipe hicho."

"Mzee, kile cha kupitisha pajani hakikai ndani ya chuma. Ningelazimika kukupasua ili nitoe hiki kwanza, na kwa pumzi hiyo uliyonayo sikushikii kisu. Hiki chako ni kizima. Kimezibwa tu."

"Hata hivyo."

Daktari akamtazama. "Wenzako hapa wananiomba uhai. Wewe unaniomba kimya?"

Mama Pacha, aliyekuwa ameketi miguuni pa kitanda, akainua uso. "Kimya cha nini, Mzee?"

Mzee Tiki akajifuta yale mafuta kifuani.

"Nakuuliza. Nesi ameniambia pale nje kwamba ulionywa tangu zamani. Ulijua?"

Mzee Tiki akatazama dari. Kulikuwa na feni haizunguki.

"Ulijua kwamba unakufa, na mimi nimelala pembeni yako nacheka?"

"Ulirudi," akasema. Pumzi haikumtosha kusema kwa urefu. "Kiliponyamaza, ulirudi. Ningefanya nini?"

Daktari akachukua miwani yake, akasema anakwenda kuandaa dawa, akatoka. Ana adabu yule binti.

Maneno yakamtoka Mama Pacha kwa hasira, moja likilisukuma jingine.

"Unafikiri nilihama kwa kelele? Mwanzo ndiyo, kelele, sikatai. Halafu nikaizoea. Nikaizoea kupita kiasi! Ikawa nikilala naisikiliza. Ikigonga, nangoja inayofuata. Ikichelewa kidogo, mimi ndiye nakufa. Kunakucha sijafumba jicho, nimekulinda kama mtu anayelinda shamba. Nikaona nikiendelea hivi nitatangulia mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nakaa gizani nasubiri ufe?"

"Mimi nilidhani unaniona kinyaa."

"Mtu anayeona kinyaa angekufulia hizo soksi zako?" Akafuta pua na upande wa kanga. "Mjinga wewe. Mjinga mimi."

Nesi mnene akaingia na sinia. "Wazee wangu, ugomvi mtaumalizia nyumbani. Baba, lete mkono."

Wakamfungia dripu ya ile dawa. Saa za kuona wagonjwa zilipokwisha, Mama Pacha akaambiwa atoke, akakataa, akaambiwa tena, akatoka. Mzee Tiki akabaki na mashine zinazolia kila moja kwa lugha yake, na pazia la kijani, na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyegeukia upande mwingine. Alitazama matone. Yanakusanyika, yanavimba, yanaanguka. Alijiambia kwamba kila tone linakwenda kumfukuzia mkewe tena, na bado, ajabu ya binadamu, alijikuta anataka lianguke haraka. Alitaka kuishi. Hakulijua hilo mpaka siku ile.

Daktari alikuja akatazama kwenye kioo, akaenda, akaja. Kulipopambazuka, Mzee Tiki alisikia kitu kama ukucha unaokwaruza bati kwa mbali. Akaziba sikio moja kwa mkono usio na sindano. Kikakwaruza tena. Alipokuwa akiletewa uji, aliachama kupokea kijiko, na nesi kijana aliyekishika akageuka kutazama ukutani, kisha mkononi mwake, kisha mdomoni mwa mzee.

"Babu," akasema, "ni wewe?"

"Ni mimi," akasema Mzee Tiki, na machozi yakamshuka mpaka kwenye uji.

Alipotolewa hospitali, daktari aliwakalisha wote wawili. Dawa isikose hata siku moja. Sindano ya magunia ampe mtu mwingine, yeye apokee wateja tu. Kupima damu asikwepe. "Na jingine: masikio yako, mzee, yamekizoea hicho kitu, yatakudanganya. Awepo mtu mwingine wa kusikiliza kila siku."

"Nitasikiliza mimi," Mama Pacha akasema kabla hajaulizwa.

Jioni ile ya kwanza nyumbani alikuja na mto wake kama kawaida, akalala. Mzee Tiki akazima taa. Tik. Tik. Tik. Kilikuwa kimerudi na nguvu zake zote. Alimsikia mkewe amekauka kama ubao. Kila mlio ukija anatoa pumzi, kisha anaizuia tena mpaka unaofuata.

"Mama Pacha, nenda kalale."

"Nimelala."

"Aliyelala hajibu."

Hakujibu. Wakakaa hivyo. Angeweza kumwacha. Mama Pacha angekaa pale, angejikaza, kwa sababu alikuwa amesema yale maneno hospitalini na asingeyarudisha nyuma, angejikaza mpaka aanguke. Mzee Tiki aliliona hilo wazi kuliko alivyouona moyo wake kwenye kioo. Akainuka taratibu, akamtoa mto chini ya kichwa, akaubeba mpaka chumba cha pili, akautandika na kuupiga piga uvimbe. Mama Pacha alikuja nyuma yake miguu mitupu.

"Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Kweli?"

"Ingekuwa nimekasirika ningekuacha na shuka?"

Akacheka kidogo, akapanda kitandani, akageukia ukuta wenye chumba cha mumewe upande wa pili. Kabla Mzee Tiki hajafika mlangoni, mkewe alikuwa amekwishasinzia, ana mkoromo mdogo ambao siku zote huukana.

Mzee Tiki akarudi kitandani kwake. Safari hii hakukunja blanketi kifuani. Akalala chali, mkono umenyooka upande ule mwingine, kwenye bonde ambalo bado lilikuwa na joto na ambalo alijua litajaa.

Asubuhi mlango ulifunguka kabla ya majogoo. Mama Pacha akaja amejifunga kanga, nywele zimesimama, akaketi ukingoni.

"Achama."

Akaachama. Mkewe akainama, akaleta sikio karibu na mdomo wake, karibu kiasi kwamba nywele zilimgusa pua. Alikuwa ananuka usingizi na sabuni. Akafumba macho kusikiliza, na Mzee Tiki akayatazama macho hayo yaliyofumbwa, hakuthubutu hata kupumua.

"Haya," Mama Pacha akasema. "Kipo." Akamgonga kifuani mara moja kwa kidole, akainuka, akaenda kuwasha jiko.

Mzee Tiki akasikia kiberiti, akasikia sufuria. Alikuwa bado amelala chali, mdomo wazi.